Bedani ya zamani: namna ya kuirudishia makali bila kuua chuma

Ingia ndani ya darasa moja la shule huku kwetu, kaa juu ya pupitri, kisha jitikise kidogo. Kama inalia na kuyumba, inama uangalie fasi mguu unapokutana na ubao. Mara nyingi utaona misumari. Sasa tafuta pupitri moja ya zamani, ile ambayo baba zetu walikalia na mpaka leo iko imara. Fasi ileile utaona kitu kingine: ulimi wa mti umeingia ndani ya tundu la mti mwingine, umefungwa kwa kijiti, bila msumari hata mmoja.

Si kwamba maseremala wa leo hawajui kazi ya tundu na ulimi. Wengi wa Nyangwe, wa Kasongo na wa Kabambare walijifunza kwa wazee, na wanaiita motezi na teno, kwa majina ya Kifaransa. Shida ni chombo. Tundu jembamba linachimbwa kwa patasi nyembamba, na zile patasi nyembamba za zamani zinazidi kupungua. Haziishi juu ya uzee. Nyingi zinakufa siku ya kunolewa.

Na mimi nilishuhudia. Baba yangu mdogo alirithi kwa babu bedani moja ya milimita 8. Makali yake yalikuwa yamemeguka kwenye kona. Tukaipeleka kwa kijana mmoja mwenye mashine ya diski, fasi wanachomelea vyuma. Dakika mbili tu, kazi imekwisha, makali yanang'aa, lakini nchani pameingia rangi ya bluu. Tukasema hiyo rangi si kitu. Kesho yake, kwenye tundu la kwanza la mlango wa kambala, makali yakajikunja kama bati. Mlango ukachelewa, mwenye mlango akaenda kwa fundi mwingine. Tangu siku hiyo nimeuliza mafundi wengi: tulikosea wapi? Makala hii inaeleza jibu, na inaeleza namna ya kutengeneza makali ya bedani ya zamani kwa vyombo ambavyo viko hapa kwetu.

Bedani si siso

Mtu wa Zanzibar atasema patasi kwa vyote. Huku kwetu tunatofautisha. Siso ni pana na nyembamba kwa unene, ni ya kusawazisha na kukwangua. Bedani ni kinyume chake: upana wake ni mdogo, milimita 6, 8 ao 10, lakini unene wake ni mkubwa, mara nyingi unapita upana. Juu ya unene huo, unaweza kuipiga nyundo ya mti na kuitumia kung'oa vipande ndani ya tundu bila kupindika.

Jina lenyewe ni la Kifaransa, bédane. Zamani Wafaransa waliandika bec d'âne, na wengi wanafikiri maana yake ni mdomo wa punda. Lakini katika Kifaransa cha kale neno ane lilikuwa bata. Bedani ni mdomo wa bata.

Upana wa bedani ndio unaoamua upana wa tundu. Kanuni ya maseremala ni kugawanya unene wa mbao kwa tatu: sehemu moja ya katikati ni tundu, mbili za pembeni zinabaki kushikilia. Mbao ya milimita 24 inadai bedani ya 8. Mbao ya milimita 30 inadai ya 10. Ukichukua siso pana, kuta za tundu zinabaki nyembamba na zitapasuka. Ndiyo maana fundi ambaye hana bedani nyembamba anarudi kwa misumari, hata kama hapendi.

Chuma hiki kilitoka mbali

Nyangwe ni fasi ya kazi ya mti tangu zamani. Livingstone alifika hapa mwaka 1871, Cameron akamfuata mwaka 1874, na wote wawili walihangaika kutafuta mitumbwi ya kuwashusha Lualaba. Lakini mtumbwi unachongwa kwa shoka na tezo, haudai tundu jembamba. Bedani ni chombo cha mlango, dirisha, kiti, kitanda, meza na pupitri. Ilienea huku wakati wa mission, wa ofisi za serikali ya wakoloni na wa reli ya Kindu na Kongolo.

Ukisafisha kutu ya bedani ya zamani, angalia karibu na shingo, chini ya mpini. Nyingine ziko na alama ya Sheffield, muji wa Uingereza uliojulikana dunia nzima kwa vyuma vya kukata. Nyingine ziko na simba wa Peugeot. Ndiyo, Peugeot ileile ya magari. Kabla ya magari, familia hiyo ilitengeneza misumeno na vyombo vya useremala, na alama ya simba iliandikishwa mwaka 1858 kwa ajili ya vyombo hivyo.

Kitu kimoja kinapashwa kujulikana juu ya vyuma hivi. Zamani chuma kigumu kilikuwa ghali, kwa hiyo watengenezaji wengi walichukua chuma laini kwa mwili wa bedani, kisha wakabandika kwa moto bamba la chuma kigumu upande mmoja tu, upande ule ulio bapa, fasi makali yanapatikana. Ukisugua vizuri upande wa mteremko na msasa laini, wakati mwingine utaona mstari: chini chuma kinang'aa, juu kimefifia kidogo. Hapo njo utajua kwamba uko na chuma cha namna mbili mkononi. Ukila sana upande bapa, unamaliza chuma kigumu, na mwili unaobaki hauwezi kushika makali.

Kwa nini chuma kinakufa

Chuma cha bedani kilipikwa mara mbili kiwandani. Mara ya kwanza kilipashwa moto hadi kuwa chekundu, karibu digri 800, kisha kikatumbukizwa ghafla ndani ya maji ao mafuta. Hapo kinakuwa kigumu kama chupa, lakini pia kinavunjika kama chupa. Mara ya pili kinapashwa moto kidogo tu, zaidi ya digri 200, ili kipunguze ukali wa tabia yake: kibaki kigumu, lakini kisimeguke kwa pigo la kwanza.

Ile mara ya pili inaonekana kwa rangi. Chuma kilichosuguliwa kikifika karibu digri 220 kinapata rangi ya manjano kama majani makavu. Karibu 260 kinakuwa cha kahawia. Karibu 280 kinaingia zambarau. Karibu 300 kinakuwa cha bluu. Kila rangi inayopita, ugumu unapungua. Bluu ni nzuri kwa chuma kinachopashwa kupinda na kurudi, kama springi, lakini kwa makali ya bedani ni laini kupita kiasi.

Sasa fikiria mashine ya diski. Ile ndogo ya mkononi inazunguka mara zaidi ya 10000 kwa dakika moja. Cheche zinaruka, na moto unaingia ndani ya chuma. Siso pana ya milimita 30 iko na chuma kingi cha kugawana moto huo. Bedani ya milimita 6 haina. Tena nchani, fasi makali yanakuwa membamba kama karatasi, moto unakosa pa kukimbilia. Sekunde tatu zinatosha.

Hapa kuna kosa moja ambalo watu wengi wanafanya. Wakiona bluu, wanatumbukiza chuma ndani ya maji haraka na kuamini kwamba ugumu umerudi. Haurudi. Maji yanafanya chuma kigumu paka kama chuma kilikuwa chekundu. Maji baada ya bluu yanazuia tu moto usiendelee mbele. Kilichokwisha kulainika kimelainika.

Angalia kwanza, usikimbilie jiwe

Ukipata bedani ya zamani, ao ukitoa ya babu ndani ya sanduku, usianze kunoa siku hiyohiyo. Kwanza itoe kutu. Iloweshe usiku mmoja ndani ya petroli ya taa, kisha sugua kwa msasa ao kwa brosi ya waya. Maji ya ndimu pia yanakula kutu, lakini usiache chuma humo siku nyingi, na ukiitoa, ioshe, ikaushe na kuipaka mafuta palepale, la sivyo kutu mpya itaanza kabla ya jioni.

Kisha ipeleke kwenye mwanga na uangalie vitu vinne:

Moja, je, makali yamemeguka? Kambala inajulikana kwa jambo hili. Ndani ya mti wake mara nyingine kunapatikana vijiwe vyeupe vigumu, na bedani ikikutana navyo inatoka na pengo.

Mbili, je, makali yamenyooka? Weka ekeri ubavuni mwa bedani. Bedani nyingi za zamani zimeliwa upande mmoja. Makali yakiwa ya mshazari, kila ukipiga nyundo chuma kinavutwa pembeni, na tundu linatoka limepinda.

Tatu, je, upande bapa ni bapa kweli? Weka ubavu wa rula juu yake. Ukiona mwanga unapita nchani, upande huo umeviringika, na makali hayatakaa vizuri hata ukinoa siku nzima.

Ine, je, chuma kiko na ugumu? Chukua tupa, ile tunaita limi, na ujaribu kidogo pembeni, karibu na ncha. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kiko kizima. Tupa ikikamata na kutoa unga, chuma kimelainika. Fanya jaribio hilo pia sentimeta moja nyuma. Mara nyingi ncha imekufa lakini nyuma kuko kuzima, na hiyo ni habari njema: utakata kilichokufa na kutumia kilichobaki.

Kazi ya kutengeneza makali, hatua kwa hatua

Mafundi wengi wakiona pengo, wanaweka mteremko juu ya jiwe ao mashine na kuendelea kusaga mpaka pengo liishe. Hapo njo bedani inachomeka, juu muda wote ule makali membamba yako kwenye moto. Njia iliyo salama ni kinyume: uanze kwa kuyaua makali kwa makusudi, kisha uyajenge upya.

Hatua ya kwanza ni kuchora mstari. Chukua ekeri na msumari mkali, chora mstari kwenye upande bapa, nyuma kidogo ya pengo. Kama iko bluu, chora nyuma ya bluu, ongeza milimita mbili.

Hatua ya pili ni kunyoosha ncha. Simamisha bedani wima mbele ya jiwe na usage ncha hadi kufika ule mstari. Sasa bedani haina makali kabisa, iko na ncha bapa kama nyundo ndogo. Usiogope. Ncha hiyo ni nene, inaweza kuvumilia moto, na tayari imenyooka kwa ekeri.

Hatua ya tatu ni mteremko. Ulalo gani? Kwa bedani ya kuchimba miti migumu, digri 30 hadi 35. Digri 25 ni ya siso ya kukwangua. Kwa bedani inayopigwa nyundo, makali hayo ni membamba sana na yatameguka. Huna chombo cha kupima digri? Tumia rula. Pima unene wa bedani karibu na ncha, kisha urefu wa mteremko uwe mara mbili ya unene huo. Hiyo ni digri 30 kamili. Mfano: unene wa milimita 9 unadai mteremko wa milimita 18. Ukitaka 35, fupisha mteremko uwe karibu milimita 16. Hesabu hii inafaa kwa kila bedani ambayo pande zake mbili zinakwenda sambamba.

Saga mteremko pole pole kuelekea ile ncha bapa. Angalia ncha: inaonekana kama mstari unaong'aa ambao unapungua. Ukibaki mwembamba kama uzi, simama. Usimalizie kwa mashine. Uzi huo wa mwisho ni kazi ya jiwe la mkono, fasi hakuna moto.

Kama uko na jiwe la kuzungusha kwa mkono, hilo njo bora kupita yote. Kama unalazimika kutumia mashine ya diski juu hakuna kingine, gusa sekunde moja ao mbili, kisha tumbukiza ndani ya kopo la maji. Shika bedani kwa kidole karibu na ncha bila ganda la mkono. Siku kidole kinapokuambia toa, toa. Kidole kitachoka na moto mbele sana ya chuma. Na macho yako yafunikwe, cheche ya diski haina huruma.

Usiguse ubavu. Bedani nyingi za zamani zilitengenezwa zikiwa pana kidogo upande bapa na nyembamba kidogo juu, ili zisikwame ndani ya tundu. Ukisaga mbavu, unapoteza umbo hilo, na ile ya 8 inakuwa 7 na nusu. Ulimi uliokatwa kwa 8 hautaingia tena.

Jiwe letu la panga halifai jinsi lilivyo

Katika kila nyumba kuna jiwe la kunolea panga. Ni jiwe zuri, lakini liangalie: katikati limebonyea kama sahani. Panga halijali. Bedani inajali. Kitu chembamba cha milimita 6 kikipita ndani ya bonde, kinaviringika na kupoteza kona zake, na kona njo zinazokata kuta za tundu.

Kusawazisha jiwe si kazi ngumu. Tafuta sakafu ya simenti iliyonyooka, mwaga mchanga na maji, ugeuze jiwe na kulisugua kwa kuzunguka mpaka uso wote ufanane. Kazi hiyo inaweza kuchukua nusu saa, na inalipa. Kama huna jiwe, tumia kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika, utandike msasa juu yake. Anza na namba 120, endelea na 240, umalize na 400. Kioo ni kati ya vitu vilivyo bapa kupita vyote ambavyo utapata bila kununua.

Anza na upande bapa. Ulaze wote juu ya jiwe, bonyeza kwa vidole viwili, sugua sentimeta mbili ao tatu za mwisho hadi zing'ae kufika nchani. Usiinue mpini hata kidogo. Kazi hii unaifanya mara moja tu katika maisha ya bedani, lakini bila hiyo hakuna makali.

Kisha geuza kwenye mteremko. Hapa bedani nyembamba inaleta shida yake kubwa: inayumba kushoto na kuume, juu fasi inayokalia ni ndogo. Dawa yake ni kipande cha mti. Kata gogo dogo lenye ulalo wa digri 30, chimba mfereji ulio sawa na upana wa bedani, ilaze humo na uifunge kwa kabari. Sasa unasugua gogo na bedani pamoja juu ya msasa, na ulalo haubadiliki. Mti wa gogo utaliwa kidogo kidogo, lakini kutengeneza gogo lingine hakudai franga hata moja.

Sugua mpaka uhisi, kwa kidole upande bapa, kinywele kidogo cha chuma kimeinuka kwenye makali kote, kutoka kona hadi kona. Kinywele hicho ni alama kwamba umefika. Geuza, laza upande bapa, uvute mara mbili tatu ili kukiondoa. Malizia kwa kuvuta bedani nyuma juu ya kipande cha mkanda wa ngozi.

Kujaribu, usitumie ngozi ya mkono wako. Chukua kipande cha mti laini, ukate kwenye kichwa chake, fasi nyuzi zinaishia. Makali mabaya yanaponda nyuzi na kuacha vumbi jeupe. Makali mazuri yanaacha uso laini unaong'aa.

Kama imekwisha kulainika yote

Kuna bedani ambazo zimesagwa mara nyingi kwa diski hadi kila fasi tupa inakamata. Hata hizo zisitupwe. Mhunzi anaweza kuzipika upya, kama mwili wa ncha ungali na chuma kigumu.

Kazi inafanyika kwa makala na mivukuto, wakati wa jioni ao ndani ya kivuli ili rangi zionekane. Sentimeta tatu za ncha zinapashwa moto hadi wekundu. Kujua kama moto umefika, kuna njia ya hakika: sumaku. Chuma kikifika karibu digri 770 kinaacha kukamatwa na sumaku. Sumaku iko ndani ya kila spika ya redio iliyokufa. Ifunge kwenye waya, isogeze karibu. Ikikataa chuma, ongeza moto kidogo tu, kisha tumbukiza ncha ndani ya mafuta, wima, bila kuilaza. Mafuta yanaweza kuwaka, kwa hiyo chombo kiwe cha chuma, kiwe na mfuniko karibu, na watoto wawe mbali.

Sasa ncha ni ngumu kama chupa. Jaribu kwa tupa: inapashwa kuteleza. Ing'arishe kwa msasa, kisha pasha moto taratibu kutoka nyuma, si nchani. Utaona rangi ya manjano ikitembea kuelekea makali. Siku manjano inagusa makali, tumbukiza ndani ya maji. Ukingoja zambarau, umechelewa, rudia mwanzo.

Kumbuka kwamba kazi hii inaweza kupasua chuma, hata kwa mhunzi mwenye mkono. Ni njia ya mwisho, kwa bedani ambayo hata hivyo haikuwa inakata.

Juu ya nini kuhangaika

Kuna atakayesema: si tununue mpya? Mpya ziko, zinaletwa na wafanyabiashara kutoka mbali, kwa barabara ambazo sote tunazijua. Lakini zinazofika sokoni mara nyingi ni siso pana. Bedani yenyewe, nyembamba na nene, utaitafuta sana. Na ukiipata, ijaribu kwa tupa kabla ya kutoa franga.

Tena, huku kwetu kuna sababu nyingine. Katika mapigano ya miaka hii iliyopita kule Kabambare, hasa upande wa Salamabila, familia nyingi zilikimbia na kile walichoweza kubeba. Seremala hawezi kubeba meza yake ya kazi wala mbao zake. Lakini bedani tatu, siso mbili na msumeno vinaingia ndani ya mfuko mmoja. Meza ya kazi inatengenezwa upya, mti unapatikana, lakini chuma kizuri hakioti. Fundi anayefika fasi ya ugeni na bedani inayokata anaweza kuomba kazi ya mlango wiki ileile.

Kwa hiyo, kama katika nyumba yenu kuna sanduku la babu lenye vyuma vya kutu, lifungue. Kama wewe ni fundi mwenye mashine ya diski, na mtu akakuletea bedani nyembamba, mwambie ukweli: hii ni kazi ya jiwe na maji, si ya moto. Na kama wewe ni mzazi katika komite ya shule na munataka kuagiza pupitri, muulize fundi swali moja kabla ya bei: utatumia misumari, ao utachimba tundu? Akijibu tundu, mwombe akuonyeshe bedani yake. Angalia nchani. Kama hakuna bluu, mpe kazi.